Mnazi mrefu, kitamli au chotara: kabla hujanunua mche uliza baba yake nani

Siku hizi huku Bagamoyo kila anayepata robo eka Zinga, Kiromo au Kerege anauliza swali hilohilo, nipande minazi gani, na majibu anayopewa ni ya ushabiki tu, huyu anasema mifupi, yaani kitamli, ndo mpango mzima, yule anasema mirefu ya wazee ndo minazi hasa, mwingine kasikia chotara, mtoto wa mrefu na mfupi, inazaa mpaka inatisha. Kila mmoja ana pointi yake. Ishu ni kwamba wengi wanachagua kwa macho, wanaona nazi kubwa au nazi nyekundu wanabeba, wakati nazi kwa nje inakuonyesha mama peke yake. Baba humuoni. Aliingia mwaka mmoja nyuma, ndani ya ua, na kilichotokea humo ndo kinaamua mche wako utakuwa kitu gani.

Na mnazi hauna njia ya mkato. Mwembe utabebesha, muhogo utakata pingili uchomeke, mgomba utang'oa chipukizi, ila mnazi hauna matawi wala machipukizi, una moyo mmoja tu kule juu, kwa hiyo kila mnazi unaouona kuanzia Kerege mpaka Saadani ulitoka kwenye nazi, yaani umezaliwa na baba na mama. Ndo maana naanzia ndani ya ua kabla ya kulinganisha, vumilia kidogo.

Humo ndani kunatokea nini

Karara likipasuka upunga unatoka, na ukiusogelea utaona maua ya namna mbili. Vile vijiti vyembamba vimejaa maua madogo ya kiume, maelfu kwa maelfu, ukitikisa yanamwagika. Chini kabisa, pale kijiti kinapoanzia, ndo yapo majike, ya mviringo, machache, kwa upunga mmoja ni makumi tu. Ua jike lina vyumba vitatu na kila chumba kina ovuli yake, ovuli ndo kile kijifuko ambacho baadae kinakuwa mbegu, lakini kawaida inayoendelea ni moja, zile nyingine mbili zinakufa humohumo. Fua nazi uangalie macho yake: matatu, mawili magumu, moja laini unaweza kulitoboa hata kwa kijiti. Hilo laini ni la ovuli iliyofanikiwa.

Sasa punje ya chavua, ule unga wa ua la kiume, ikitua kwenye ua jike lililo tayari (linatoa utomvu mtamu kidogo, nyuki wanalijua) inaota mrija. Mrija unashuka ndani ya ua kuitafuta ovuli, ukikaribia unavutwa na kemikali zinazotolewa na seli mbili zilizokaa ubavuni mwa yai, unapenya kwenye kitundu kidogo sana cha ovuli na unapasuka, na ndani yake ulikuwa umebeba mbegu za kiume mbili. Mbili. Moja inaungana na yai, hiyo ndo kiinitete, mnazi wenyewe. Ya pili inaungana na seli kubwa ya katikati ambayo tayari ina viini viwili vya mama, na hapo kinazaliwa chakula cha mtoto. Aliyeligundua jambo hili ni Sergei Navashin, mwaka 1898, kwenye maua ya jamii ya yungiyungi, na karibu mimea yote inayotoa maua inafanya vivyo hivyo, mnazi ukiwemo.

Chakula chenyewe ndo dafu, ndugu. Yale maji unayokunywa stendi ni hicho kitu cha pili, viini vimegawanyika na kugawanyika bila kujenga kuta za seli ndo maana ni maji, halafu kwenye mwezi wa sita hivi seli zinaanza kujenga kuta kuanzia pembeni, ndo ule utando laini unaokomba kwa kipande cha kumbi, unazidi kukaza inakuwa koroma, mwezi wa 11 au 12 ni nazi ya kukuna. Muda wote huo kiinitete kipo kimya chini ya jicho laini, hakifiki hata sentimita moja. Nazi ikianza kuota ndo kinavimba kwa ndani na kuwa joya, lile jeupe kama sponji watoto wanaligombania, kumbe ni mdomo wa mche unaonyonya akiba yake.

Mahesabu yake ni haya, mnazi una kromosomu 32 (vile vinyuzi vinavyobeba urithi ndani ya seli), mche unapata 16 za mama na 16 za baba. Maji na nyama vina 48, theluthi mbili za mama na theluthi ya baba. Kumbi na kifuu ni vya mama mtupu, baba hana chake hapo. Kwa hiyo anayechagua nazi ya mbegu kwa rangi ya kumbi amechagua nusu ya mche, nusu nyingine kamwachia upepo.

Naangalia nini

Kwa kila mnazi nitauliza maswali yaleyale. Baba anapatikanaje? Unasubiri miaka mingapi? Unavuna nini, dafu au nazi ya tui? Unataka matunzo gani na magonjwa unayahimili vipi? Na ukipanda tena nazi zake, utapata kilekile? Bei siweki, kila kitalu kina yake na zinabadilika.

Mnazi mrefu

Baba: ni mtu mwingine, karibu kila mara. Upunga wa mnazi mrefu unafungua maua ya kiume kwanza, yanamwaga chavua kama wiki tatu hivi, yakishaisha ndo majike yanakuwa tayari. Maana yake upunga hauwezi kujioa wenyewe. Chavua inayoingia kwenye ovuli imeletwa na upepo au nyuki kutoka mnazi wa pembeni, wa jirani, wa ng'ambo ya barabara, na nazi mbili za kole moja zinaweza kuwa na baba wawili tofauti kabisa. Wewe umeupenda mnazi mmoja pale Kaole unaozaa kupita kiasi, umeomba nazi kumi, umepanda, miaka saba baadae mitatu ni ya maana mingine imekaa tu, na unamlaumu muuzaji. Hakukudanganya, mama ndo yuleyule, ila akina baba walikuwa wengi.

Ndo maana mimi kama ni mbegu ya mnazi mrefu siangalii mnazi mmoja, naangalia mtaa. Mnazi mzuri uliozungukwa na minazi mizuri ni bora kuliko bingwa aliyesimama katikati ya minazi mibovu, kwa sababu majirani wa mama ndo baba watarajiwa.

Kusubiri: miaka 6 hadi 8, na kwenye mchanga mkavu usiotiwa mbolea hata 10. Lakini ukishaanza unakaa, miaka 60 na zaidi unazaa, mingine mnayokwea leo ilipandwa na mababu.

Mavuno: nazi yenye nyama nene, tui zito, mafuta, mbata. Dafu lake linanyweka vizuri tu ila lipo mita 20 juu na mkwezi anataka hela yake.

Matunzo na magonjwa: huu ndo mvumilivu wa wote, jua la Januari na Februari unalipita, mbolea ukiusahau haukususii sana. Ugonjwa wa kunyong'onyea ndo habari nyingine. Unaanza kwa kupukutisha nazi changa, upunga mpya unatoka mweusi, majani ya chini yanageuka njano, mwisho kilele kizima kinadondoka linabaki gogo limesimama kama nguzo ya umeme. Dawa ya kumwaga ikapona hamna. Ila mirefu ya Afrika Mashariki kwenye majaribio yaliyofanyika hapa nchini haikufanana, baadhi ya makundi yalivumilia kuliko mengine, na hapa ndo ule mchanganyiko wa baba wengi unageuka faida: shamba lisilolingana ugonjwa haulimalizi kwa mkupuo.

Kupanda tena: unaweza, maisha yote, ukikubali kwamba watoto hawatafanana.

Kitamli

Kwa wasiojua ndo ile mifupi yenye nazi nyekundu au njano, wengine wanaiita tu mnazi wa Pemba kwa sababu ule mwekundu wa Pemba ndo maarufu zaidi huku.

Baba: mara nyingi ni mnazi huohuo. Maua ya kiume yanakuwa bado yanamwaga wakati majike yako tayari, zamu zinapishana kidogo sana, chavua inadondoka palepale au inatoka upunga unaofuata wa mti uleule. Ovuli inarutubishwa na ndugu wa tumbo moja, tuseme hivyo. Ndo maana kitamli chekundu kinazaa kitamli chekundu, kizazi hadi kizazi, na kwa mtu anayetaka kujua anachonunua hii ni raha yake.

Ila sio mia kwa mia. Kikiwa kimesimama uani na mirefu imekizunguka, kama ilivyo nyumba nyingi za Bagamoyo, kuna siku nyuki anawahi kuleta chavua ya mrefu. Hiyo utaiona kitaluni, nitakuja nayo.

Kusubiri: miaka 3 hadi 4. Hata nazi yenyewe inawahi kuota kuliko ya mrefu.

Mavuno: dafu. Maji matamu, mtoto anachuma kwa mkono miaka ya mwanzo. Ya kukuna sikushauri, nyama nyembamba na laini, utakuna nyingi kupata tui la chungu kimoja, na biashara ya mbata sahau.

Matunzo: kinadeka. Kinataka maji kiangazi, samadi, kivuli cha majani chini kisikaukiwe, na umri wake ni mfupi, miaka 30 hadi 40 kimechoka. Kwa kuwa vyote vinafanana damu, tatizo likikipata kimoja usitegemee cha pembeni kitasalimika.

Kupanda tena: hapa ndo kinashinda wote. Tunza nazi zako, otesha, gawia jirani.

Chotara

Baba: amechaguliwa na mtu. Kwa kawaida kitamli ndo mama na mrefu ndo baba. Karara la kitamli linafunguliwa, maua yote ya kiume yanakatwa kabla hayajamwaga chavua, yanabaki majike tu, halafu ama shamba lipo katikati ya mirefu iliyochaguliwa na upepo unafanya kazi, ama mtu anakuja na chavua iliyokaushwa, kachanganya na poda, anapulizia kwenye majike siku yalipo tayari. Na majike hayafunguki siku moja, kwa hiyo anarudi tena na tena upunga uleule. Kazi hiyo ndo unayoilipia kwenye mche.

Kwa nini kitamli awe mama na sio kinyume chake? Kwanza ni mfupi, hukwei. Pili rangi yake inasema ukweli. Kitamli chekundu kikijirutubisha mche unatoka na kikonyo cha rangi ya machungwa, chavua ya mrefu ikiingia mche unatoka kahawia au kijani kijani. Kwa hiyo ile siri iliyokuwa ndani ya ovuli mwaka mzima inajitangaza kitaluni kwenye jani la kwanza, mwenye kitalu anang'oa yote ya machungwa anabaki na chotara. Na kinyumenyume, ukiotesha nazi za kitamli chako cha uani ukaona mche mmoja kahawia katikati ya wenzake, usiutupe, huo ni chotara wa bure, nyuki kakufanyia kazi, baba tu ndo humjui.

Kusubiri: miaka 4 hadi 5.

Mavuno: hapa sifa wanazotoa watu ni za kweli kwa kiasi, nazi nyingi kama mama, nyama ya kukaribia baba, dafu linauzika na nazi inakunika. Kimo cha katikati.

Matunzo na magonjwa: inayozaa sana inakula sana. Chotara bila mbolea wala maji inakuwa mnazi wa kawaida uliouziwa bei mbaya. Kuhusu kunyong'onyea hapa niwe mkali kidogo, neno chotara peke yake halina kinga yoyote ndani yake, chotara nyingi zenye wazazi wa kutoka nje zilizojaribiwa huku pwani zilipukutika vibaya. Kinga inatoka kwa baba na mama waliotumika. Muuzaji akikwambia "hii ni chotara" na hawezi kukutajia wazazi, hajakwambia kitu.

Kupanda tena: usipande. Mtu anaona chotara yake inazaa vizuri anaotesha nazi zake apanue shamba, na hapo kila yai ndani ya kila ovuli limechota mchanganyiko wake wa bibi na babu, na chavua iliyoingia nayo hivyohivyo, unapata mirefu, mifupi, ya katikati, ya rangi zote, mizuri na ya hovyo kwenye mstari mmoja. Watoto wa chotara ni bahati nasibu. Ukitaka chotara tena rudi kitaluni.

Vidaka vikidondoka

Hili linawachanganya wengi wakati wa kulinganisha, mtu anasema mnazi wangu mbovu unaangusha vidaka. Zaidi ya nusu ya maua jike kudondoka ni kawaida kwa mnazi wowote, mengine chavua haikufika au ilifika ovuli imeshapitwa na wakati wake, na mengine yamerutubishwa vizuri ila mti unapunguza mzigo usioweza kuulea, hasa kiangazi. Kama vidaka na vitale vinavyodondoka vina makovu na utomvu umeganda, huyo ni mdudu anayefyonza, na kinga yake ya asili ni wale majimoto wekundu wanaojenga viota vya majani, ndo wale watu wanawachoma moto kwa sababu wanauma mkwezi. Waache. Na kama mnazi umempa mgema, upunga aliofunga kwa ajili ya tembo hautakupa nazi, hilo usimsingizie mtu.

Kitaluni

Uliza mama nani, uliza alizungukwa na nani au baba alipuliziwa kutoka wapi, angalia kikonyo. Kwa nazi za kuotesha mwenyewe chagua zilizokomaa kabisa, tikisa uskie maji, isiyo na maji iache. Kituo cha Chambezi hapahapa Bagamoyo, chini ya TARI Mikocheni (TARI ni Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), kimefanya kazi ya minazi miaka mingi, nenda ukaulize kabla hujashusha miche kutoka kwenye kirikuu barabarani. Na nafasi usibane, mirefu iachie kama mita 9, kitamli mita 7 hivi, chotara katikati ya hapo.

Kwa hali yako

Una kiwanja kidogo, unataka dafu la nyumbani na wageni, maji ya bomba au kisima yapo: kitamli viwili vitatu vinakutosha, na nazi za mbegu utakuwa nazo mwenyewe.

Unataka kuuza madafu kwa wale vijana wa baiskeli wanaopeleka mjini, na una maji ya uhakika shambani: kitamli au chotara, ila chotara iwe na wazazi wanaotajika. Ukiwa na mtaji wa awamu moja tu na hutaki kurudi kununua miche, kitamli kina unafuu.

Una eka kadhaa kavu upande wa bara, unaishi Dar unakuja mwisho wa mwezi, msimamizi ni shemeji: mirefu. Chotara huko itakufia mikononi na kitamli kitakauka kabla hujalipia pampu. Panda muhogo na mbaazi katikati ule wakati unasubiri.

Biashara yako ni tui, mafuta au mbata: mrefu, au chotara kama mfuko wa mbolea hauna shida kwako.

Eneo lako lina magogo yaliyokatika vichwa, yaani kunyong'onyea kumeshapita: mbegu zichukue kutoka mirefu iliyobaki hai hapohapo, tena ile iliyobaki kwa kundi, kwa sababu hapo hata baba atakuwa mmoja wa waliosalimika. Mmoja aliyebaki peke yake amezungukwa na mingine mgonjwa au migeni, chavua inayomfikia sio ya kuitegemea sana.

Na kama huwezi kuamua, changanya, mirefu mpakani na nyuma kabisa, kitamli karibu na nyumba ambako maji yanafika. Ukifanya hivyo tu ujue umeshawaweka jirani, nazi za kitamli utakazootesha baadae zikague vikonyo vyake moja moja, ya machungwa irudi uani, ya kahawia ipeleke kwenye sehemu yenye samadi.